Tuzo Isiyo na Mshindi

Neno tuzo limezaliwa na kutuza. Anayetuzwa katika ngoma na taarabu za mji huu ni mwimbaji aliyemgusa mtu hadi mtu huyo akainuka kitini, akasogea mbele kwa madaha, akamtunza noti mbele ya macho ya watu. Hapo hakuna waamuzi wala alama. Usiku mmoja huweza kutuzwa waimbaji watatu na mpiga fidla juu yao, na anayetuza hutoa chake, kwa mkono wake, akionekana. Natanguliza jambo hili kwa sababu siku hizi tukisikia tuzo fikra hukimbilia ushindi: nani wa kwanza, nani wa pili, nani hakutajwa. Mpango ninaokusudia kuuhakiki hapa ulibuniwa na watu wasiojua Kiswahili, lakini kwa maoni yangu ulikuwa karibu zaidi na maana ile ya kwanza ya neno letu kuliko sisi tuliokuja kuupokea.

Mpango wenyewe ni tuzo ya vijana iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1956 kwa jina la Duke wa Edinburgh, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili. Nyuma yake alikuwapo mwalimu wa Kijerumani, Kurt Hahn, ambaye Wanazi walimtia ndani mwaka 1933, akakimbilia Uingereza na mwaka uliofuata akafungua shule ya Gordonstoun huko Uskoti. Duke huyo alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo. Mkurugenzi wa kwanza wa tuzo alikuwa John Hunt, yule aliyeongoza msafara uliofika kilele cha Everest mwaka 1953. Ukiwajua watu hao hutashangaa kwamba mpango una harufu ya milima, mahema na mabegi ya mgongoni. Mwanzoni ulikuwa wa wavulana peke yao. Wasichana walifunguliwa mlango mwaka 1958. Majirani zetu wa Kenya waliuchukua mwaka 1966 wakauita Tuzo ya Rais, na mwaka 2017 Bunge lao likautungia sheria. Uganda nao wanao.

Una ngazi tatu, Shaba, Fedha na Dhahabu, na hupokea vijana wa miaka 14 hadi 24. Katika kila ngazi kijana hutakiwa kufanya mambo manne: huduma kwa wengine, kujifunza ujuzi, mazoezi ya mwili, na safari ya ujasiri. Wa Dhahabu huongezewa la tano, nalo ni kuishi siku kadhaa na watu asiowazoea katika kazi ya pamoja. Shaba haipatikani kabla ya miezi sita. Na sharti lililo kubwa kuliko yote ni kwamba hakuna anayeshindana na mwenzake. Kijana hujiwekea shabaha mwenyewe, akaifuata wiki kwa wiki, saa moja moja, na akiifikia amepata. Wote wakifikia, wote wamepata.

Nilikutana na mpango huu Buguruni, katika asasi ambayo sitaitaja jina. Haikuwa tawi la tuzo hiyo. Ilichota muundo wake tu, ikachapa kijitabu chake cha kurasa kumi na sita, ikaandikisha vijana ishirini na watano, na baadhi yetu tukaombwa kusimamia kwa kujitolea. Kwa ndugu msomaji asiyepajua, Buguruni ni kata ya Wilaya ya Ilala, pale Barabara ya Uhuru inapokatana na ile ya Mandela. Malori ya bandarini hupita mchana na usiku, reli inakatiza kati ya nyumba, na soko huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Ni mahali ambapo mtoto wa miaka kumi na minne ana kazi tayari.

Hilo ndilo lililonifanya nikisome kijitabu kile kwa jicho la mhakiki. Kila kitabu humbuni msomaji wake. Hiki kilimbuni kijana mwenye muda, anayetoka shule, akala, kisha asijue afanye nini na jioni yake. Kinamtafutia kazi, kinamtafutia jasho, kinamtafutia hatari ndogo. Kijana wa Buguruni anavyo vyote hivyo kabla hajaandikishwa. Huamka saa kumi na moja kumsaidia mama yake vitumbua, hupanga foleni ya maji, huvuka Mandela kwenda shule, na jioni huuza karanga kituoni. Ukimtajia safari ya ujasiri yeye atafikiri ni kupanda daladala saa kumi na mbili asubuhi akiwa amevaa sare, kwa sababu konda hamtaki abiria wa nauli ya mwanafunzi.

Chukua huduma. Kanuni ilisema iwe kwa mtu asiye wa familia yako. Msichana mmoja aliniletea ukurasa mtupu katika wiki ya tano. Alikuwa akimwogesha bibi yake aliyepooza, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, na hilo halikuhesabiwa. Wenzangu kadhaa waliona kanuni ni ya kikatili na ifutwe. Mimi sikukubaliana nao, na hadi leo sikubaliani. Tukianza kumpa mtoto wa kike shaba kwa kumwogesha bibi, tutakuwa tumeubariki mzigo ambao kaka yake haupewi, tumeupaka rangi ya heshima, na kesho atazidishiwa. Udhaifu wa kanuni uko kwingine: inadhani ukuta wa familia unajulikana ulipo. Katika nyumba zetu za vyumba sita, familia sita na ua mmoja, nani ndugu na nani jirani? Mzee wa chumba cha mwisho, asiye na mtoto mjini, ambaye wapangaji wote humwita babu, huyo tumweke wapi? Baada ya kubishana tuliamua kwamba si familia, na msichana akawa anamsomea gazeti kila Jumamosi kwa saa moja, kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa na ukungu. Saa hiyo kaka yake alishika zamu ya bibi. Zamu ya kaka haikuandikwa popote, lakini mimi naihesabu kuwa tunda kubwa kuliko lile lililoandikwa.

Kuhusu mazoezi ya mwili sina mengi. Vijana wa Buguruni hawahitaji kuhimizwa kucheza mpira; wanahitaji kiwanja ambacho hakitajengwa fremu za maduka mwakani.

Utajiri wa mpango huu uko katika ujuzi, na huko ndiko lugha ya kijitabu ilikojaribiwa. Kijana mmoja kiziwi, aliyesoma katika Shule ya Viziwi ya Buguruni, ambayo ipo tangu mwaka 1974, alichagua kuchomelea vyuma. Karakana ya fundi wa mtaani ilimfaa kuliko darasa lolote, maana grenda ikishawashwa kila mtu pale ni kiziwi na wote huzungumza kwa mikono. Nilimpelekea fundi kijitabu nikamwonyesha mahali pa maoni ya mlezi. Akakishika kwa vidole viwili ili asikipake mafuta, akaniuliza:

“Mwalimu, hapa niandike alichofanya au niandike alivyo?”

Nikamwambia aandike alichofanya. Akaandika kwamba kijana amechomelea bawaba tatu za geti, moja imeachia, kairudia. Vijitabu ishirini na vitano nimevisoma ukurasa kwa ukurasa, na hiyo ndiyo sentensi bora kuliko zote. Nyingine zilisema ana bidii. Ana nidhamu. Anaheshimu wakubwa. Ni mfano wa kuigwa. Maneno hayo tunayajua. Yamekaa katika vyeti vyetu vya kumaliza shule miaka nenda miaka rudi, na hayamtofautishi mtoto mmoja na mwingine, kama vile sare. Ukiyasoma humwoni aliyeandikwa wala humwoni aliyeandika. Katika sentensi ya fundi wapo wote wawili, na geti lipo.

Swali la fundi si dogo kama linavyosikika. Taifa zima liliwahi kulijibu. Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliulaumu mtihani kwa kupima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa wakati, huku ukishindwa kupima tabia wala moyo wa kutumikia watu. Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Tangu hapo aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kwanza, kisha aingie Chuo Kikuu kwa mapendekezo ya mahali pake pa kazi na ya Chama, yakieleza tabia yake na mwenendo wake. Kwa maneno ya fundi, tuliamua kuandika alivyo. Nia ilikuwa njema na naiheshimu. Lakini barua ya tabia ikishakuwa tiketi, mwandishi wake huacha kuandika anachokiona, huandika kinachotakiwa, na mwombaji naye hujifunza kuonekana. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 sharti lile lilikuwa limelegezwa.

Ndiyo maana nilishtuka asasi yetu ilipoanza kuwaambia vijana kwamba cheti cha shaba kitawasaidia kupata kazi. Labda kweli kitasaidia. Mtoto wa maskini asinyimwe karatasi ambayo mtoto wa tajiri anayo. Hata hivyo, tangu siku ile walezi wawili walianza kutia sahihi za wiki nne kwa mpigo, kwa kalamu moja na wino mmoja, na kijana mmoja aliniuliza waziwazi kama anaweza kulipia wiki alizokosa.

Safari ilikuwa na kisa chake. Katika mfumo wa asili, safari ya Shaba ni siku mbili na usiku mmoja. Vijana huenda katika kikundi kidogo, wanne hadi saba, wakijitegemea, msimamizi akiwaangalia kwa mbali, nao wawe na jambo wanalolichunguza njiani. Asasi ilikodi basi, ikawapeleka wote ishirini na watano ufukweni kwa siku moja, na spika mbili kubwa. Walifurahi, na nani angewanyima furaha? Ila hiyo ilikuwa pikniki. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi wasingekubali watoto wa kike walale nje. Wazazi walikuwa na haki ya kuuliza, na mama mmoja aliuliza vizuri: “Akalale porini na nani, na akirudi nani atamjibia kwa baba yake?” Swali la namna hiyo halijibiwi kwa basi.

Kundi la pili lilikwenda Pugu. Wasichana watano na mama huyohuyo, ambaye alikubali kuwa msimamizi wa mbali kwa sharti kwamba umbali autaje yeye. Walitoka Buguruni kwa miguu baada ya alfajiri, wakashika ile barabara iliyokuwa ikiitwa ya Pugu na ambayo leo inaitwa ya Nyerere. Jambo walilopewa kulichunguza lilitokana na barabara yenyewe. Husimuliwa kwamba Mwalimu, alipokuwa akifundisha Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955, alikuwa akiitembea njia hii kwenda mjini kwenye shughuli za chama. Wasichana waliwauliza wazee waliowakuta jinsi njia ilivyokuwa zamani. Walilala katika darasa waliloazimwa, wakapika wenyewe, wali ukaungua, na kesho yake wakarudi na maelezo ya wazee sita, wanne kati yao wakiwa wanabishana juu ya mahali ulipokuwa mwembe mmoja. Hakuna aliyepanda Everest. Lakini mmoja aliniambia kwamba hajawahi maishani kutembea barabara kubwa bila kutumwa na mtu, na maneno hayo nimeyafikiria mara nyingi.

Sasa nije kwenye sherehe, ambako mpango uliharibika kweli. Siku ya kutoa vyeti palikuwa na turubai, keki, fulana zenye jina la mfadhili, na mgeni rasmi aliyechelewa saa mbili. Vijana kumi na tisa walikuwa wamefikia shabaha zao. Walipangwa mstari. Kisha mshereheshaji akatangaza, kwa sauti ya kutangaza bondia, washindi watatu bora: wa kwanza simu, wa pili begi, wa tatu madaftari. Wengine wakapiga makofi. Kijana wa bawaba tatu hakujua kinachoendelea, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuleta mkalimani. Aliwaona wenzake watatu wakipewa zawadi, naye akatazama cheti chake akitafuta alipokosea.

Watu husema ushindani ndio unaowaamsha vijana, na bila wa kwanza hakuna anayekimbia. Sitaki kudharau hoja hiyo. Mwenyewe napenda mpira. Lakini hata Baraza la Mitihani la Tanzania, lililozoea kutaja shule kumi bora na watahiniwa bora kila mwaka, liliacha Januari 2023 lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne. Magazeti yalinung'unika wiki mbili hivi, kana kwamba yamenyang'anywa ligi. Watoto wakaendelea kusoma.

Na mfano tunao karibu zaidi ya huo, mtaani kwetu. Ingia chuo chochote cha Kurani Buguruni baada ya alasiri. Kwenye mkeka mmoja utamkuta mtoto wa alifu, pembeni yake yupo wa Juzuu Amma, na karibu na ukuta yule aliyefika Msahafu. Umri wao ni mmoja au si mmoja, haidhuru. Kila mmoja husogea mbele ya ustadhi kwa zamu yake, akasoma pale alipofikia, akasahihishwa, akarudi. Hakuna wa kwanza darasani kwa sababu hakuna mstari wa kuanzia pamoja. Akihitimu, ni yeye na kitabu chake, na nyumbani kwao hupikwa pilau. Chuo hichohicho, ni kweli, siku hizi hupeleka watoto katika mashindano makubwa ya Ramadhani yenye zawadi nono, nami sitawaingilia masheikh katika hilo. Nasema tu kwamba mpango wa Hahn haukuja na jambo geni. Uliletwa mahali ambapo kila mtoto alikuwa tayari anapimwa kwa hatua zake mwenyewe, jioni, kwenye mkeka, ila asasi haikuchungulia.

Kinachouendesha mkeka ule ni sikio la ustadhi. Kinachouendesha mpango wa tuzo ni macho ya mlezi, na hapa hesabu inahitajika. Kwa Shaba, kijana hufanya mambo mawili kwa miezi mitatu kila moja, na jambo la tatu kwa miezi sita. Kwa saa moja ya kila wiki, hizo ni wiki 13, na 13 tena, na 26: jumla saa 52. Zidisha kwa vijana 25, unapata saa 1,300 katika miezi sita. Ukitaka kila saa iwe na mtu mzima aliyeiona, unahitaji sahihi 50 kila wiki. Bajeti ya asasi, niliyoonyeshwa, ilikuwa na fungu la fulana, la turubai, la basi na la posho ya kikao. Fungu la nauli ya walezi halikuwamo. Fundi wa karakana, mshonaji wa kwa Mnyamani, kocha, mzee wa chumba cha mwisho, wote walidhaniwa wapo tu, kama hewa.

Nao ndio mpango wenyewe. Kijana wa Buguruni ana kazi, ana jasho na ana hatari za kumtosha. Asichokuwa nacho ni mtu mzima, asiye mzazi wake na asiyemtuma, ambaye kila wiki kwa saa moja anamtazama anavyofanya jambo alilolichagua, kisha anaandika alichokiona. Wazaramo, wenyeji wa pwani hii, hawakumwacha mwali bila kungwi wala kijana wa jando bila mtu wa kukaa naye. Mji umewaondoa wengi wa watu hao na haukuweka wengine mahali pao. Walimu? Mwalimu mwenye darasa la watoto mia humwona nani? Ukiniuliza fedha za mfadhili ziende wapi, nitakujibu bila kusita: walipiwe walezi nauli na chai, wakutanishwe mara moja kwa mwezi wasomeane walichoandika, na wafundishwe tofauti kati ya “ana bidii” na “kairudia”. Mgeni rasmi anaweza kubaki ofisini kwake.

Vijitabu vya duru ya kwanza bado ninavyo, wenyewe hawakurudi kuvichukua. Jalada la mbele limejaa alama ya mfadhili, kwa rangi tatu. Ndani, mahali pa maoni ya mlezi, pamewekwa mstari mmoja wa sentimita nne. Bawaba tatu za geti, mojawapo ikiwa imeachia na kurudiwa, hazikuenea hapo. Fundi alilazimika kuendelea pembeni, akiupindisha mwandiko kufuata ukingo wa karatasi hadi ukafika juu ya ukurasa.